Salamu za Shukrani: Mchango wa Betri ya Moyo ya Mzee Wetu

Familia ya mzee wetu, Ngamiani, Tanga, inawashukuru nyote mliochangia matibabu yake: majirani, waumini wenzake, akina mama wa vikoba, wauza samaki wa Deep Sea, wafanyabiashara wa Mgandini na jamaa wa Pangani na Muheza. Kuwataja mmoja mmoja hatuwezi. Madaktari na wauguzi wa hospitali ya Bombo hapa Tanga na wa Dar es Salaam, ahsanteni sana.

Mliochanga mna haki ya kujua fedha imefanya nini, hasa mliouliza mbona nauli ya Dar imeombwa mara mbili. Ugonjwa wake ni vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo, na fujo hiyo ilikuwa ikishuka chini na kuupeleka moyo mbio. Tiba ilikuwa kuikata njia ya fujo hiyo, na kwanza kuweka betri, yaani kifaa cha kuuendesha moyo kwa umeme. Safari ya kwanza ilikuwa ya betri. Sanduku lake, jembamba kuliko kiberiti, liliwekwa chini ya mtulinga wa kushoto kwa ganzi tu, na waya ukapitishwa kwenye mshipa hadi chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia. Kisha ikasubiriwa wiki sita ili waya ushike vizuri kwenye nyama ya moyo. Ndiyo maana mkono ule haukupandishwa juu ya bega. Safari ya pili daktari alipitia mshipa wa kinena, akaunguza njia ya umeme inayotoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Ni alama ya milimita chache, ila ikishachomwa hairudishiki: moyo sasa unaitegemea betri. Waya ungechomoka baada ya hapo ingekuwa hatari, ndiyo sababu hawakuharakisha.

Ugonjwa wenyewe haujaondoka, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Vyumba vya juu bado vinatetemeka. Fujo yao tu haishuki tena chini. Damu inaweza kutuama huko juu, ikafanya donge, na donge likifika ubongoni ni kiharusi. Kwa hiyo wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaendelea nayo, na INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inavyochelewa kuganda, inatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kisamvu, matembele na mchicha hajakatazwa. Tatizo ni leo sahani nzima, kesho hata jani moja hakuna: kipimo kinayumba. Jamani, diklofenaki na dawa za mizizi msimletee, hata kwa nia njema. Zinaweza kumtoa damu.

Mkimpima mapigo mkakuta 90 kwa dakika akiwa amekaa, msishtuke. Betri imewekwa hivyo kwa makusudi, kwani moyo uliozoea kwenda mbio ukipunguzwa ghafla unaweza kuleta mapigo mabaya zaidi. Yatashushwa kidogo kidogo kliniki. Betri hudumu takriban miaka kumi, kwa hiyo hatuwarudii kesho na bakuli.

Akizirai, kidonda kikivimba, au akishikwa na kwikwi isiyokatika (waya uliosogea huweza kuushtua msuli wa pumzi), apelekwe Bombo siku hiyo hiyo.

Wageni mnakaribishwa kuanzia alasiri. Simu zenu zikae mbali na bega lake la kushoto, shubiri moja inatosha.