Malindi jua latoka baharini, halizami

Mhariri,

Naandika kuhusu hizi picha za jua mnazochapisha kutoka huku kwetu Pwani, maana zingine zinaniuma kweli. Ile ya ufuo wa Malindi jua liko juu ya maji, halafu maelezo yanasema jioni. Jamani, bahari yetu iko mashariki, ukiona jua juu ya maji pale karibu na nguzo ya Vasco da Gama basi hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, anayetaka la jioni apande gari aende Marafa kule kwenye korongo la Nyari aone mchanga ulivyowaka, ama akiwa Lamu avuke na mashua upande wa Manda, mji uwe mbele yake na jua linashuka nyuma ya mapaa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni rangi. Mbingu zinatoka nyeupe pe! na vijana wa bichi wanaambiwa wanunue kamera ya bei. Si kamera, ni setingi. Ukiiacha kwa oto, yaani ijipangie yenyewe, ikiona rangi ya chungwa imetanda kila mahali inadhani taa ni mbaya, inaongeza buluu kuisawazisha, na uzuri wote umekwenda. Toa oto kwenye waiti balansi (setingi ya kusawazisha rangi), weka alama ya jua ama ya wingu. Halafu shusha mwanga stopu moja ama mbili (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), kwa sababu kamera ikiona kuna giza chini inafungua zaidi ili nchi ionekane na mbingu zinaungua, na pakishaungua pakawa peupe hakuna programu itakayorudisha rangi, bora jahazi litoke jeusi tititi na tanga lake, tena ndo linapendeza. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, apacha (tundu la lenzi) f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) ndo uicheze. Kwa simu gusa pale penye mwangaza, shikilia kidole mpaka setingi ijifunge hapo, kisha vuta kile kijijua kwenda chini. Ukiwa unapiga mtu mbele ya jua muongezee fleshi kidogo asipotee uso. Na wenye lenzi ndefu wasichungulie jua kupitia kitundu cha kamera, macho hayana spea, watumie skrini.

Kingine, watu wanaondoka mapema mno! Jua likishazama ndo mawingu ya juu yanapigwa mwanga kutoka chini, dakika kumi, kumi na tano hivi yanageuka waridi hadi zambarau, na huku karibu na ikweta jua linashuka wima kwa hiyo haikai sana, tripodi na setingi ziwe tayari kabla. Asubuhi ni kinyume chake, rangi zinatangulia jua, anayefika limeshachomoza keshakosa.

Ombi langu ni hili, chini ya kila picha ya jua andikeni ni wapi, asubuhi ama jioni, na setingi alizotumia mpigaji, mstari mmoja tu watosha, kuna vijana hapa wanaishi kwa kupiga watalii picha na gazeti linapita mikononi mwao kila siku. Na zile zilizokolezwa kwa kompyuta mpaka bahari inakuwa kama sharubati msizichukue kabisa, za kweli zipo tele, ombeni mtaletewa.

Msomaji wenu,
Malindi