Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mtwara: tovuti zijaribiwe kwa masikio kabla ya kupokelewa

Ndugu Katibu Tawala,

Tunaomba tovuti ya umma isipokelewe kutoka kwa mzabuni eti kwa kuwa programu ya kukagua kama wasioona wanaweza kuitumia imetoa ripoti ya kijani. Programu hiyo hutazama kama picha ina maelezo. Haijali kwamba maelezo yenyewe ni "IMG_2034". Asiyeona ndiye anayesomewa hayo.

Jaribio la mkono ni rahisi. Pakua NVDA, programu ya bure inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwenye kompyuta ya Windows, zima skrini na uweke kipanya kando. Anza na Tab: kila kiungo na kitufe kifikike kwa mpangilio unaoeleweka. Bonyeza H kuruka kwenye vichwa. Ukiambiwa hakuna kichwa ilhali kwa macho vimejaa, mbunifu alinenepesha herufi tu bila kuvitambulisha kama vichwa kwenye msimbo. Insert na F7 kwa pamoja huorodhesha viungo. Hapo "Soma zaidi" hupangana foleni, hujui ipi ni ya ajira na ipi ya mnada wa korosho.

Sikiliza na matamshi. Ukurasa wa Kiswahili uliowekewa alama ya lugha "en" (Kiingereza) kwenye msimbo husomwa Kizungu, hauambulii kitu. Dawa ni kuandika "sw", herufi mbili tu.

Linalotuudhi zaidi ni tangazo la bei za mnada: linachapwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, linapakiwa. Kwa NVDA hiyo ni picha tupu, na mkulima asiyeona haambiwi lolote. Muhuri ubaki kwenye jalada. Tovutini liwekwe jedwali la maandishi lenye vichwa vya safu vilivyotambulishwa kwenye msimbo. Hapo Ctrl, Alt na mshale wa kulia vitamtajia kila safu kwa jina lake: ghala, kilo, bei. Bila vichwa hivyo atasikia mlolongo wa tarakimu.

Kisha rudieni yote kwa TalkBack, programu ya kusoma skrini kwa sauti kwenye simu ya Android.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inataja intaneti waziwazi. Kwa hiyo mkataba wa mzabuni useme malipo ya mwisho yanasubiri jaribio hili, nalo lifanywe na asiyeona anayetumia NVDA kila siku, kwa malipo. Sisi wenye macho huchungulia.

Wapimaji wa tovuti, Mtwara

Nakala: Maofisa TEHAMA wa halmashauri zote za mkoa