Dostoevsky hakuwaachia wauaji dhamiri zao

Bwana Mhariri,

Ndugu mmoja wa hapa Bukavu aliandika katika ukurasa wenu wa barua kwamba wauaji wa Kivu, mashariki mwa Kongo, waachiwe Mungu na dhamiri zao, akaitolea ushahidi riwaya ya mwandishi Mrusi Dostoevsky ya 1866, Uhalifu na Adhabu. Riwaya hiyo naipenda kwa dhati, na ndiyo maana siwezi kunyamaza inapotumiwa kutetea jambo ambalo yenyewe inalikanusha.

Ni kweli kwamba mhusika wake mkuu, kijana Raskolnikov, baada ya kumuua kwa shoka mwanamke mzee aliyekopesha watu fedha kwa rehani, anashikwa na homa, anaweweseka, na mali aliyoiba anaificha chini ya jiwe asiitumie. Lakini kuteseka si kutubu. Lizaveta, ndugu wa yule mzee, aliuawa kwa sababu tu alirudi nyumbani saa ile, na muuaji mwenyewe anashangaa kwamba hamkumbuki sana, kana kwamba si yeye aliyemuua. Sisi wa Kivu tusipite hapo haraka, kwani wangapi wetu waliuawa kwa sababu tu walikuwapo, na nani anakosa usingizi kwa ajili yao?

Sonya, msichana ambaye Raskolnikov amemfichulia siri yake, hamwambii akasali faraghani. Anamwagiza aende njia panda, aibusu ardhi aliyoinajisi, kisha atamke mbele ya watu wote kwamba ameua. Raskolnikov anafika sokoni, anapiga magoti, anaibusu ardhi; watu wanamcheka wakidhani amelewa, na yale maneno hayatoki. Katika kituo cha polisi anaingia, anatoka bila kusema neno, anamkuta Sonya amesimama uani, amepauka uso, ndipo anarudi ndani na kukiri. Hata huko Siberia, alikohukumiwa miaka 8 ya kazi ngumu, kwa muda mrefu haoni kosa lake isipokuwa kwamba alishindwa.

Ikiwa kijana huyo, mwepesi wa kuguswa moyo, alihitaji soko, polisi na hukumu, itakuwaje kwa watu ambao hawajawahi kuulizwa lolote? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inaeleza matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini mwetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na mengi yake hayajafika mbele ya hakimu. Namwomba ndugu yangu aisome tena sehemu ya sita ya riwaya ile pamoja na hitimisho lake, kisha atuonyeshe ni wapi humo muuaji ameachwa aende zake na dhamiri yake.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu