Askari wa kaunti si mali ya sherifu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisemee hili la ofisi za masherifu kule Marekani, maana kila uchaguzi ukiisha tunaambiwa nani kashinda, tunamwona akiapishwa, basi, wale wafanyakazi aliowakuta mle ndani hakuna anayewaulizia.

Sherifu kule ni mkuu wa askari wa kaunti, na ni mtu wa kupigiwa kura karibu majimbo yote, wengi wao kwa kipindi cha miaka 4, na ofisi yake ina kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani: jela ya kaunti iko chini yake, ulinzi wa mahakama, kuwapelekea watu hati za kesi, kuwatoa watu kwenye nyumba jaji akishaamua, na doria kule ambako mji hauna polisi wake. Sasa bosi wa yote haya anaingia kwa kampeni, ana waliomchangia hela na ana waliompinga, na baadhi ya hao waliompinga ni wafanyakazi wa ofisi hiyohiyo anayokuja kuiongoza. Balaa linaanzia hapo.

Victor Hill wa kaunti ya Clayton, Georgia, siku yake ya kwanza kazini Januari 2005 alifukuza watu 27 na juu ya paa akaweka walenga shabaha, mpaka jaji akaamuru watu warudishwe. Wengi waliliona kama kioja tu. Mimi naona alichokifanya yeye hadharani kinaweza kufanyika kimyakimya ofisi yoyote, unahamishiwa zamu ya usiku, gari linachukuliwa, unapelekwa kituo cha mbali, kibarua hakijaota nyasi ila umeshaelewa kwamba huna chako hapo.

Na sheria ipo jamani. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyotoka ofisi ya sherifu wa kaunti ya Cook, Illinois, ambako chama kilibadilika na watu wa chama kilichotoka wakaondolewa, ikasema mfanyakazi asiyepanga sera hafukuzwi kwa ajili ya chama tu. Sawa, naibu mkuu na washauri wake sherifu achague mwenyewe, hilo sina ugomvi nalo, kachaguliwa na wananchi atekeleze aliyoahidi. Lakini anayepeleka hati za mahakama? Anayehesabu wafungwa usiku? Hao sera yao ni ipi?

Hampton, Virginia, ndiyo inaniuma zaidi. Uchaguzi wa 2009, askari mmoja wa jela aligonga laiki kwenye ukurasa wa Facebook wa mpinzani wa bosi wake, bosi akashinda, na yeye na wenzake kadhaa hawakupewa tena kazi. Jaji wa kwanza akasema laiki tu haitoshi kuwa kauli ya kulindwa, ikabidi waende rufaa, na rufaa ikaja kusema 2013 kwamba laiki ni kauli na inalindwa kikatiba. Miaka yote hiyo mtu anahangaika na kesi kwa sababu ya kidole kimoja kwenye simu!

Watetezi wanasema bila utiifu kwa bosi ofisi haiendi. Waangalie Los Angeles basi. Mwaka 2011 FBI, wapelelezi wa serikali kuu, walikuwa wanachunguza wafungwa kupigwa kwenye jela za kaunti, ofisi ya sherifu Lee Baca ikagundua kwamba mfungwa mmoja ni mtoa habari wa FBI, maafisa wakamficha kwa kumhamishahamisha na kumbadilishia majina kwenye rekodi, wengine wakaenda hadi nyumbani kwa ajenti kumtishia kwamba atakamatwa. 2014 maafisa kadhaa wakatiwa hatiani, msaidizi mkuu Paul Tanaka 2016, Baca mwenyewe 2017. Wale wadogo walijitetea kwamba walikuwa wanatekeleza amri tu, na haikuwasaidia. Ukizoesha watu kwamba mkate wao unategemea kumfurahisha mtu mmoja, siku akiagiza uovu unategemea nani akatae?

Kwa hiyo ninachosema, sheria za majimbo ziandike wazi kwamba askari wa jela, walinzi wa mahakama na makarani ajira yao haiishi pale muhula wa sherifu unapoisha, na anayetaka kumwondoa mmoja wao alete kosa lake la kikazi mbele ya bodi isiyoteuliwa na sherifu. Na wafanyakazi nao wasipige kampeni wakiwa na yunifomu wala wakiwa zamuni, iwe ni kwa bosi aliyepo au kwa anayemtaka kiti. Sherifu mpya aingie awakute watu wanaojua kila mlango wa jela ile, awape kazi, awapime kwa kazi.

Msomaji wako