Lenana si kilele cha Mlima Kenya, na Batian huendewa kwa majira

Mhariri,

Tafadhali tupatie nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila msimu wa kiangazi tunasoma magazetini na kusikia redioni kwamba wanafunzi wa chuo fulani, au mheshimiwa fulani, wamekifikia "kilele cha Mlima Kenya". Ukiitazama picha, wamesimama kando ya kibao cha Lenana. Kufika Lenana ni jambo la kujivunia. Ni mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko humtoa pumzi hata aliyezoea kukimbia kila asubuhi. Lakini Lenana ni kilele cha tatu. Kinazidiwa na Nelion, mita 5,188, na Batian, mita 5,199, ambacho ndicho kilele chenyewe.

Hizo mita 214 zinazobaki kutoka Lenana hadi Batian hazitembeleki. Kilimanjaro inaupita Mlima Kenya kwa karibu mita 700, ila mtu mwenye afya na subira hufika Uhuru kwa miguu yake bila kugusa kamba. Batian haina njia hata moja ya namna hiyo. Ukitaka mwenzake kule Tanzania, mtafute Mawenzi, kile kilele kingine cha Kilimanjaro chenye miamba mikali, si Kibo chenye Uhuru. Mlima wetu ni volkano iliyozimika zamani sana, na kuta zake za nje zimelika kwa barafu na mvua. Kilichobaki katikati ni ule uji wa moto uliogandia kooni mwa volkano ukawa mwamba mgumu. Batian na Nelion ndizo koo hilo, na ndiyo maana zimesimama wima kuliko kila kitu kinachozizunguka. Halford Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka milima ya Alps. Ikapita karibu miaka 30 kabla ya mtu mwingine kufika, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, Januari 1929.

Tunaandika kwa sababu kosa la jina huzaa kosa lingine kubwa zaidi. Kijana akishaambiwa kwamba ameumaliza mlima, husoma mahali kwamba "miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba", akaona anaweza kurudi mwezi wowote kati ya hiyo na kwenda Batian. Kwa anayetembea hadi Lenana ushauri huo ni sawa kabisa. Kwa anayepanda mwamba haujakamilika, na upungufu wake ni wa hatari.

Mlima uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo tu. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na miezi mingine hupita upande wa kusini. Ukuta unaoelekea jua hukauka, na ule ulio kivulini hushika theluji na barafu. Kwa hiyo mwezi Agosti uso wa kaskazini ni mwamba mkavu wa kushika kwa vidole, huku uso wa kusini ukiwa na barafu nyufani. Januari mambo hugeuka. Mlima ni mmoja na kiangazi ni kiangazi, lakini njia iliyo salama Januari inaweza kuwa imevaa kioo cha barafu Agosti, na ya Agosti vivyo hivyo ifikapo Januari.

Njia ya kawaida ya Nelion, ile ya Shipton ya 1929, iko uso wa kusini-mashariki. Wakati wake ni mwishoni mwa Desemba hadi mapema Machi. Haina maana kwamba haipandwi Agosti. Hupandwa na wenye uzoefu wa barafu, ambao huchukua saa nyingi zaidi. Wapandaji wa njia hii hulala Austrian Hut, mita 4,790, na huondoka gizani ili wawe chini ya ukuta kunapopambazuka. Barafuto ya Lewis, ile barafu nzito iliyokuwa ikijaza bonde lote hapo, imepungua sana. Maelezo ya zamani ya namna ya kuivuka hayafai kuaminiwa. Palipokuwa barafu ya kukanyaga leo pana changarawe inayoteleza na mawe ambayo hayajatulia, na palipobaki barafu ni ngumu alfajiri, haiingii kisigino. Vaeni kramponi, vile vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, hata kama kipande kinaonekana kifupi.

Ukuta wenyewe ni karibu vipande 20 vya kamba, yaani miendo ya kituo hadi kituo isiyozidi urefu wa kamba, kutegemea unavyovigawa, na ugumu wake kwa kipimo cha kimataifa ni daraja la nne na ziada kidogo. Ugumu huo si wa kumtisha aliyejifunza kupanda mwamba. Kinachoshinda watu ni kutafuta njia. Mwanya wa Mackinder unavutia macho, na wengi huingia humo kumbe siku hizi njia huupita kando. Baada ya hapo utaona kibanda kidogo cha bati, Baillie's Bivi, ambacho ni cha dharura. Juu yake kuna kipande kigumu kuliko vyote, kiitwacho De Graaf's Variation. Hapo ndipo pa kutazama saa. Kama ni saa sita mchana na bado hamjakimaliza hicho, rudini. Ukungu huwa umeshapanda kutoka mabondeni, na mchana wa ikweta hauongezeki mwezi wowote: jua hutoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa hiyo hiyo jioni giza limeingia.

Juu kabisa ya Nelion kuna kibanda cha Howell Hut. Ian Howell alikijenga mwaka 1970, akibeba vifaa juu ya ukuta huo huo safari baada ya safari peke yake. Kwa anayetaka Batian kibanda hicho ni muhimu sana. Kati ya vilele hivyo viwili kuna pengo liitwalo Mlango wa Ukungu. Kwa macho ni pua na mdomo. Kwa kazi ni saa kadhaa za kushuka kwa kamba, kuvuka theluji na barafu, kisha kupanda tena, halafu yote hayo mara ya pili wakati wa kurudi. Bila shoka la barafu na kramponi msijaribu. Busara ni kulala Nelion, kwenda Batian asubuhi, na kushuka siku hiyo ya pili.

Njia ya uso wa kaskazini humfikisha mtu Batian moja kwa moja. Arthur Firmin na mwenzake waliifungua mwaka 1944. Wakati wake ni Julai hadi Septemba, na kambi yake ni Shipton's Camp, karibu mita 4,200. Ni ndefu kuliko ile ya Nelion na ngumu kidogo zaidi. Vipande vya mwanzo huishia mahali papana paitwapo Amphitheatre, ambapo wengi hulala nje wakiona siku haitoshi. Juu yake kuna Firmin's Tower, ndipo penye kipande kigumu, kisha njia hutokea kwenye mgongo wa magharibi karibu na Shipton's Notch. Kosa la huku ni kutegemea kurudi usiku. Hakuna maji juu ya mwamba, na mwenye lita moja tu huwa hana kitu mfukoni ifikapo saa nane. Bebeni lita mbili kila mtu, na moja ikae ndani ya koti isigande.

Korongo la Diamond, lililokuwa la barafu tupu, lilipandwa kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge. Wageni bado huliulizia kwa picha za zamani. Barafu ya sehemu ya chini imenyonyoka kiasi kwamba picha hizo haziwezi kuwa mwongozo wa leo.

Sasa mwendo wa kuufikia ukuta, kwa maana walio wengi hushindwa kabla hawajaifungua kamba. Anayepitia njia ya Naro Moru hulala Met Station, mita 3,050, na kesho yake Mackinder's Camp, mita 4,200. Hiyo ni mita 1,150 kwa siku moja. Anayepitia njia ya Sirimon hutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton, mita 900. Kanuni inayojulikana ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Barabara nzuri zinazofika malangoni ndizo zinazotudanganya: mtu amekula chakula cha mchana Nairobi jana, leo yuko mita 3,000, kesho 4,200. Mapafu hayajapewa nafasi. Njia ya Chogoria ni ndefu zaidi, na kwa sababu hiyo tunaipendelea kwa anayekwenda kupanda mwamba. Kama ni lazima mpite Sirimon, lala Old Moses usiku mbili, na Shipton mbili au tatu kabla ya kugusa ukuta.

Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni onyo la kupumzika hapo hapo. Kikohozi kisichokoma, midomo ya buluu na kuhema hata mtu akiwa ameketi ni maji kwenye mapafu. Kuyumba ni dalili ya ubongo kuvimba. Mwambie atembee hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Asipoweza, anashuka sasa hivi, hata kama ni saa nane ya usiku na mvua inanyesha, na hashuki peke yake. Dawa ya Diamox, miligramu 125 mara mbili kwa siku, husaidia mwili kuzoea, lakini uulizie kwa daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Haimruhusu mgonjwa kuendelea kupanda.

Tumeacha kushuka mwisho kwa sababu huko ndiko watu hufikiri kazi imekwisha. Nelion hushukwa kwa kamba, kituo hadi kituo, na kwenye njia hiyo zimepigwa boliti. Katikati yake utakuta pia tepe za nailoni zilizoachwa na waliotangulia. Zishike kabla ya kuziamini. Tepe iliyokaa juani mwaka mzima hupauka, huwa ngumu, na ukiikunja hulia kama karatasi. Hiyo usiiwekee uzito wa mtu. Funga yako mpya na uiache huko, hasara yake ni ndogo. Piga fundo kwenye ncha zote mbili za kamba, maana wapo walioteleza wakatoka mwishoni mwa kamba ndani ya ukungu. Aliyefika kituo cha chini aivute kamba kidogo, mwenzake wa juu akiangalia kama inatembea, na hapo tu ndipo wa mwisho ashuke. Na mnapoivuta yote, fungueni mafundo kwanza, msimame kando, kofia ngumu kichwani, kwa kuwa kamba ikianguka huleta mawe. Ikikwama ufani hakuna wa kuwasaidia.

Mwezi Septemba 1970 Gerd Judmaier, daktari wa Austria, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian baada ya jiwe kubwa kumtoka. Mwenzake Oswald Oelz alikuwa mpandaji stadi na pia daktari, lakini ilipita zaidi ya wiki moja kabla ya majeruhi kufikishwa chini, na rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alipoteza maisha. Mguu mmoja tu. Kwa hiyo acheni langoni majina yenu, njia mnayopita na siku mnayotazamiwa kurudi, tena mtaje uso wa mlima. Waokoaji wakiambiwa tu "wamekwenda Batian" hawajui waanzie Shipton au Austrian Hut, na kutoka kambi moja hadi nyingine ni saa kadhaa za kutembea.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Habari ya mtu aliyefanikiwa iseme alifika Lenana, Nelion au Batian. Na ile ya ajali itaje njia, mwezi, na saa ambayo waliohusika walianza kushuka. Kichwa cha habari kinachosema tu "Mpanda mlima afariki Mlima Kenya" hakimwambii mwongozaji wa Chogoria wala mzazi wa Nanyuki kama kilichoua ni jiwe, barafu au mapafu.

Waongozaji wa wapanda milima,
Naro Moru