Nondo na Kundi la WhatsApp: Barua kwa Vijana Wenye Maduka ya Vifaa vya Ujenzi Mombasa

Wanangu, assalamu alaikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Mwezi uliopita mmoja wenu alinitia kwenye kundi lenu la WhatsApp, akasema mzee atafaa kwa nasaha. Siku tatu nilisoma tu. Siku ya nne likaja tangazo: kuanzia Jumatatu, nondo ya milimita 12 asiiuze mtu chini ya bei iliyotajwa, Likoni mpaka Kisauni. Vidole gumba vikamiminika. Kijana wa Mikindani akauliza, "Na mimi niliyenunua kwa bei ya zamani?" Alitukanwa matusi ambayo sitayarudia, kisha mmoja wenu akaahidi kumwambia wakala amnyime mzigo. Jumatano lori lilimpita mlangoni. Nimepita pale juzi: rafu ya nondo tupu, anauza misumari na rangi.

Nasaha mliitaka, basi ipokeeni.

Mlichofanya ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Washindani wakipatana bei wamevunja sheria, wawe wametia saini au wamekonyezana. Mamlaka ya Ushindani inaweza kukutoza hadi asilimia 10 ya mauzo yako ya mwaka uliotangulia. Jambo likifika mahakamani kama jinai, ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Nimetafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa wenye maduka madogo", sikupaona.

Tena mnayajua haya. Agosti 2023 viwanda tisa vya chuma vilitozwa shilingi milioni 338.8 kwa kupatana bei na kubana uzalishaji. Siku ile mlipiga vigelegele. Mkasema wametukamua vya kutosha, na waonje. Nondo ndiyo hiyo hiyo, wanangu! Wao walipatana kiwandani, nyinyi mmepatana dukani, na anayejenga vyumba viwili Bombolulu analipa mapatano yote mawili.

Msidhani nawasema kutoka mimbarini. Mimi mwenyewe nimeifanya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Serikali ilikuwa imeacha kupanga bei, nasi tukaona kazi hiyo tumeachiwa sisi. Sheria ya kutukataza ilikuwapo tangu 1988, ila nani alikuwa akiisoma? Tulikuwa wanne, Mwembe Tayari, baada ya isha, kahawa tungu na kashata. Tukapatana bei ya mabati ya geji 30. Asubuhi yake akaja fundi kutoka Kwale na mteja wake. Akazunguka maduka yote manne, akarudi kwangu, akavua kofia, akacheka mpaka akashika mlango. "Nyinyi wanne mmenyonya ziwa moja?" Akapanda matatu akaenda kununua Mariakani.

Wakamfuata wengine. Mabati yangu yakalala ghalani, na masika yakaingia. Nyinyi mnaijua hewa ya hapa, bati juu ya bati, unyevu katikati. Nilipofungua bunda nilikuta unga mweupe kama chokaa umekula kila bati. Nilisugua kwa brashi siku mbili. Mwisho nikamuuzia mfuga kuku kwa hasara. Na mnajua kwamba mmoja wetu alikuwa akiuza kwa bei ya chini kupitia mlango wa nyuma? Ni yule yule aliyeleta wazo. Nikafikiri kumshitaki. Kwa mkataba gani? Mapatano haramu hayana hakimu wa kukulindia. Nilimeza kama mwiba wa samaki.

Hapo nawalaumu wazee wenzangu pia. Tumewalea kwa kuusifu ujanja. Mtu akijenga ghorofa Nyali hatuulizi alivyopata, twauliza atatuchangia nini harusini. Anayeuza kwa haki twamwita zuzu, na tukikutana naye msikitini twamsukuma safu ya nyuma. Basi mmejifunza kwetu.

Mengine nayataja kwa ufupi. Hati za kupokelea mzigo zihifadhiwe, zisifungiwe misumari. Barua ya Mamlaka ikija, ijibiwe, na aijibu wakili. Asifute mtu ujumbe kwenye simu, maana anaongeza kosa juu ya kosa. Nanyi mnaomuuzia kontrakta mkubwa akakaa na pesa zenu miezi bila sababu, hilo nalo linaweza kuwa kosa: mnunuzi kutumia vibaya nguvu zake. Peleka malalamiko kwa Mamlaka badala ya kumtukana Facebook.

Kuna anayesema sheria hizi haziwagusi wakubwa. Mtazame jirani. Kampuni mama ya saruji ya Twiga ilitaka kuinunua Tanga Cement, na mapatano yakatangazwa mwaka 2021. Tume ya Ushindani ya Tanzania ikaridhia, wapinzani wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likasimamisha ununuzi ule. Hoja ilikuwa ukubwa wa sehemu ya soko: kule wakati ule ukivuka asilimia 35 ulihesabiwa kuwa umelitawala. Vuta nikuvute ikaendelea, na mwaka 2024 Tanga iliishia mikononi mwa Amsons, kampuni ya Tanzania, ambao mwaka huo huo waliichukua Bamburi, saruji yetu. Kama kesi iliweza kuwachelewesha wenye machimbo ya mawe na meli, nyinyi wenye toroli mnajificha wapi?

Njia ya kutoka ipo. Sheria inaruhusu anayetangulia kwenda kwa Mamlaka na kusema yote apunguziwe adhabu, au asamehewe kabisa. Msishindane kumtafuta msaliti, shindaneni kuwahi. Lakini kabla ya hilo, mpigieni wakala leo, kijana wa Mikindani aletewe mzigo wake, na aliyemtukana amwendee kwa miguu, si kwa sauti ya simu.

Mimi kwenye kundi nimejitoa jana usiku. Anayetaka kunijibu nipo barazani baada ya alasiri, pale pale. Kahawa nalipa mimi. Bei ya nondo isitajwe.

Baba yenu, muuza mabati mstaafu
Mombasa