Programu ya kusimamia zabuni ipimwe na wakandarasi wasaidizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na wakandarasi wenzangu wa majengo hapa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa jumla, ambao siku hizi wanatembelewa na mawakala wa programu za kompyuta za kusimamia zabuni, yaani za kuomba, kukusanya na kulinganisha bei za mafundi, au wanakutana na matangazo yake kila wanapofungua simu. Sipingi programu hizo. Naamini kampuni inayoandaa zabuni kadhaa kwa wakati mmoja inazihitaji. Ninachopinga ni namna tunavyozichagua, kwa kuangalia jinsi zinavyopendeza kwenye kompyuta ya mkurugenzi, ilhali mtu atakayeamua kama zitafaa au hazitafaa ni fundi umeme wa Mabatini, fundi bomba wa Nyakato au mtengenezaji wa madirisha ya aluminiamu wa Igoma ambaye tunamwomba bei na tunaisubiri. Huyo ndiye ninayemwita mkandarasi msaidizi katika barua hii.

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS, ni mfumo wa mnunuzi. Tunaingia humo kuona tangazo, kupata nyaraka, kuomba ufafanuzi na kuwasilisha zabuni yetu. Mfumo huo hauulizi bei ya umeme tumeipata kwa nani, wala hauchunguzi kama mafundi watatu tuliowaomba bei walisoma mchoro uleule. Kazi hiyo inafanyika ofisini kwetu kabla ya kuwasilisha chochote, na hapo ndipo zabuni inapopata au kupoteza faida. Aidha, zipo zabuni ambazo hazipiti NeST kabisa, za hospitali za mashirika ya dini, maghala, hoteli za ufukweni na viwanda vya minofu ya sangara, ambazo nyaraka zake huja kwa barua pepe au hukabidhiwa mkononi. Wakala anayesifu programu yake kwamba inafanana na NeST bado hajagusa haja yetu.

Haja hiyo imekua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024 zimetenga kwa ajili ya kampuni za ndani kazi za ujenzi ambazo thamani yake haizidi shilingi bilioni 50. Ni fursa tuliyoililia kwa miaka mingi, lakini maana yake ni kwamba kampuni iliyozoea jengo la wakandarasi wasaidizi wanne inaweza kujikuta ikiandaa zabuni ya jengo linalohitaji ishirini, kila mmoja akiombwa bei pamoja na washindani wake wawili au watatu, na bei zote zikitakiwa kukusanywa, kusomwa na kulinganishwa kabla ya saa ya mwisho.

Katika kulinganisha ndiko kwenye uzito wa jambo lenyewe, na naomba wasomaji wanivumilie nitoe mfano wa kubuni. Tuseme tumeomba bei ya kazi za umeme kwa mafundi watatu. Wa kwanza anatoa shilingi milioni 84, wa pili milioni 71, wa tatu milioni 79. Anayesoma tarakimu hizo kwa haraka atamchukua wa pili. Hata hivyo, ukisoma karatasi zao neno kwa neno unakuta kwamba wa kwanza ameweka kila kitu pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Wa pili hakuweka kodi, na ukiongeza asilimia 18 bei yake inakuwa milioni 83.78, vilevile ameiacha kinga ya radi, ambayo tuseme thamani yake pamoja na kodi ni milioni 4.2, hivyo anafika milioni 87.98. Wa tatu ameweka kodi na kinga ya radi, ila ameacha kuchimba mtaro na kulaza kebo kutoka kwenye transfoma hadi kwenye jengo, kazi ya milioni 6.5, naye anafika milioni 85.5. Aliyeonekana ghali kuliko wote ndiye nafuu. Na kinga ya radi katika ukanda huu wa ziwa, ambako radi huua watu na mifugo kila msimu wa mvua, si kitu ambacho mshauri wa mradi atakubali kiachwe.

Programu inayostahili kununuliwa ni ile inayofanya hesabu ya namna hiyo mbele ya macho ya mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa vipimo na gharama za ujenzi. Iweke bei za watu watatu katika safu zinazotazamana, ioneshe nani ameacha nini, imruhusu mkadiriaji kujaza thamani ya kilichoachwa, na ihifadhi kumbukumbu kwamba tarakimu ile ni makadirio yetu wenyewe, haikutolewa na fundi. Programu inayokusanya barua za bei na kuzipanga kwa tarehe, kisha ikaishia hapo, ni kabati la mafaili tu, na kabati tunalo tayari.

Lipo tatizo jingine ambalo mawakala hawalitaji, pengine kwa sababu hawalijui. Nyingi ya programu zinazotangazwa zimetengenezwa Amerika ya Kaskazini na zinagawa kazi kwa mpangilio wa huko uitwao MasterFormat, ambao tangu mwaka 2004 una sehemu 50 badala ya 16 za zamani. Sisi tunafanya kazi kwa BOQ, yaani jedwali la kazi na vipimo ambalo kwa kawaida limeandaliwa na mkadiriaji majenzi wa mteja, likianza na gharama za awali, likaenda kwenye msingi, kuta, paa na umaliziaji, na kuwa na mafungu ya fedha yaliyotengwa kwa kazi ambazo bado hazijaamuliwa. Huko Marekani mkandarasi hupima michoro mwenyewe ili apate kiasi cha kazi, ndiyo maana programu zao zinajivunia uwezo wa kupima michoro kwenye kioo cha kompyuta. Kwetu, kwa zabuni nyingi, vipimo tunavipokea tayari, na kulipia uwezo huo ni kulipia kisichotumika. Tunachohitaji ni programu inayoipokea BOQ jinsi ilivyo, mstari kwa mstari, bila kubadilisha namba za vipengele, na inayoweza kumkatia fundi bomba kurasa zake tu na kumtumia.

Namba za vipengele nazitaja kwa makusudi. Mwanza ni mji wa mawe, na kipengele cha kuchimba mwamba huandikwa peke yake, mbali na kuchimba udongo wa kawaida. Programu ikiviunganisha vipengele viwili hivyo ili kurahisisha jedwali lake, mkandarasi ataweka bei ya udongo kwenye jabali, na hakuna atakayegundua mpaka mtambo ufike eneo la kazi.

Sasa nirudi kwa fundi. Mkandarasi msaidizi wa hapa kwetu anafanya kazi akiwa juu ya ngazi, anasoma ujumbe kwenye simujanja yenye kifurushi kidogo cha intaneti, na hutuma bei yake kwa WhatsApp au kwa karatasi aliyoipiga picha. Tukimtumia kiungo kinachomtaka afungue akaunti kwa Kiingereza, athibitishe barua pepe asiyoitumia, apakue michoro mizito kisha ajaze kurasa nyingi, hatajibu. Hatasema kwamba amekataa. Atanyamaza, nasi tutadhani hana nafasi. Kwa hiyo nashauri kwamba kabla ya kusaini mkataba wowote, mkandarasi mkuu achukue zabuni yake moja iliyokwisha kupita, aiingize kwenye programu hiyo, kisha awaombe mafundi wake halisi, pamoja na yule asiyependa kompyuta hata kidogo, wapokee mwaliko na kurudisha bei. Akae nao awatazame. Wakala akikataa programu yake kujaribiwa kwa namna hiyo, basi aage salama. Na kama programu haina Kiswahili, angalau iruhusu bei iliyokuja kwa WhatsApp au kwa karatasi iingizwe na ofisi ya mkandarasi mkuu, huku picha ya karatasi yenyewe ikibaki imeambatishwa kama ushahidi.

Kuna sababu nyingine inayowafanya mafundi wanyamaze, nayo inaniuma zaidi. Wamechoka kuona bei zao zikipelekwa kwa washindani wao ili zipunguzwe. Mkandarasi mkuu anapokea bei ya fundi mmoja, anampigia mwingine na kumwambia, "Mwenzako amesema hii, wewe unasemaje?" Yule aliyekesha akihesabu soketi na mita za kebo anapoteza kazi kwa hesabu zake mwenyewe. Tabia hiyo haikuletwa na kompyuta, lakini programu mbaya inaweza kuirahisisha, kwa mfano kwa kuwaonesha waalikwa wote majina ya wenzao, au kwa kumruhusu kila mfanyakazi wa ofisi kuona bei kabla ya muda wa mwisho. Programu nzuri hufunga bei hadi saa iliyopangwa, hueleza nani amezifungua na lini, na humficha mwalikwa mmoja asimwone mwingine. Ningependa wenzangu waliulize jambo hili kabla ya kuuliza gharama, kwa kuwa fundi akishajua kwamba bei yake inalindwa ataleta bei ya kweli, na bei ya kweli kutoka kwake ndiyo inayotuwezesha sisi kushindana kwa haki na kampuni kubwa zinazotoka nje ya mkoa.

Kuhusu marekebisho ya nyaraka, nitasema kwa ufupi. Mnunuzi anapotoa ufafanuzi au kubadilisha mchoro siku chache kabla ya kufunga zabuni, programu iweze kuonesha ni fundi yupi amepokea mchoro mpya, yupi ameufungua, na yupi bei yake bado inatokana na mchoro wa zamani. Ikishindwa hili, yale mengine yote hayana faida.

Intaneti nayo isisahauliwe. Mwezi Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipokatika, huduma ilidorora nchi nzima, na muda wa mwisho wa zabuni ya mtu binafsi haujui habari za nyaya. Programu ambayo kila kitu chake kiko kwenye seva za ng'ambo, bila nakala yoyote kwenye kompyuta ya ofisi, inatuacha mikono mitupu siku ya namna hiyo. Wenye kazi visiwani wanalo pia la kuangalia: bei ya saruji na nondo hapa mjini si bei yake Nansio, iwe mzigo umepakiwa melini kutoka Mwanza au umezunguka kwa barabara kupitia Bunda na Kisorya kisha ukavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Programu inayohifadhi bei moja tu kwa kila bidhaa haifai kwa mkandarasi wa Ukerewe.

Gharama zenyewe huja kwa sura mbalimbali. Wapo wanaotoza kwa idadi ya watumiaji, na wapo wanaotoza kwa thamani ya kazi ambazo kampuni inafanya kwa mwaka. Aina hii ya pili ni ngumu kwa kampuni zetu, ambazo mwaka mmoja zina kazi tatu na mwaka unaofuata zinasubiri malipo ya kazi zilizopita. Wakala aliyeko nchini anapaswa kutupa bei kwa shilingi, kwa kuwa kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Mkataba nao useme wazi kwamba siku tutakapoacha kulipia tutapewa bei zetu zote za nyuma katika majedwali ya kawaida yanayofunguka kwa Excel, kwa maana bei hizo za miaka kadhaa, za kila fundi na kila kipengele, zina thamani kuliko programu yenyewe. Kwa vile ndani yake mna majina na namba za simu za watu, mkandarasi akumbuke pia kwamba tangu mwaka 2023 nchi yetu inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kupeleka taarifa za mafundi wake nje ya nchi kuna masharti yake.

Ombi langu la mwisho ni kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo imekuwa ikituandalia mafunzo na mikutano ya mashauriano ya kila mwaka. Tunaomba katika mafunzo yajayo ya Kanda ya Ziwa itengwe siku moja ambapo wauzaji wa programu hizi watapewa BOQ moja ileile, ya jengo la kawaida la hapa kwetu, na kila mmoja aifanyie kazi mbele yetu kuanzia mwaliko hadi jedwali la kulinganisha bei. Mafundi umeme, mafundi bomba na watengenezaji wa madirisha waalikwe siku hiyo pamoja nasi, wakae na simu zao wenyewe mkononi, na wapewe nafasi ya kusema kabla ya wakurugenzi.

Wako,
Mkandarasi wa majengo,
Nyakato, Mwanza